Nyumba Isiyo na Moshi

Kila asubuhi watu wa Mtaa wa Chini, katika kambi ya Kishwaga, waliwasha moto, wawe na cha kupika wasiwe nacho. Ungesimama pale juu, kwenye mawe meusi yaliyomwagwa zamani na mlima wa moto, ukatazama vibanda vya maturubai vilivyojipanga hadi bondeni, ungeona moshi unatoka kila paa, ukasema, afadhali, hawa leo wanakunywa uji. Ungekuwa umekosea. Ila ungekosea vile vile wenyewe walivyotaka ukosee.

Nabintu hakuwa mtu wa kudanganywa na moshi. Alisimama mlangoni pake, kitenge kimemfunika hadi masikioni kwa ile baridi, akitazama kibanda cha jirani, cha mama mkwe wake. Mama Wabiwa alikuwa ndani anapuliza moto. Alimsikia anakohoa, akasikia kijiti kinavunjwa, kisha moshi mwembamba ukapenya kwenye turubai, ukapanda. Chungu kilikuwa juu ya mafiga. Ndani ya chungu mlikuwa na nini, hilo Nabintu hakuliona kwa macho yake, kwa sababu kwao mwanamke hafunui chungu cha mama wa mumewe. Lakini alijua. Mtaa mzima ulijua, kila mtu habari za jirani yake, na hakuna aliyefungua mdomo.

Juu angani lilielea puto jeupe, limefungwa kwa kamba ya chuma nyuma ya maghala. Wenye kambi waliliita Mlezi. Halikulala, halikula rushwa, wala halikuwa na shemeji wa kumpendelea. Lilitazama chini likasoma joto la kila jiko na mvuke wa kila sufuria, likakadiria nani amekula na nani ameshinda njaa. Mchana droni zilitoka ghalani zimebeba mifuko ya unga, maharagwe na mafuta, zikaishusha mlangoni kwa wenye njaa. Kwa walioshiba hazikushuka.

Siku hiyo nazo zilipita juu ya Mtaa wa Chini zikinguruma. Watoto walizitazama wakiwa wamekaa. Walikuwa wameshaacha kuzikimbilia. Zikaenda kushuka Mtaa wa Juu, kwa wageni waliokuja juzi kutoka ng'ambo ya mto, watu ambao mila yao haiwakatazi kukaa na jiko baridi.

"Zimepita tena," alisema Mama Tumsifu, jirani wa upande wa pili, mwanamke aliyewahi kuwa mnene na ambaye sasa nguo zake zote zilimpwaya. Unene ulikuwa umeondoka, ulimi ulikuwa umebaki. "Wewe si ndiye unayeongea na hilo puto? Liulize tumelikosea nini."

"Tuzime moto, Mama Tumsifu. Nimeshawaambia. Tukizima siku chache tu, litaona kwamba hatuna."

"Nizime moto, kwani kwangu amekufa nani?"

Mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyoishia kila mara. Kwa watu wa Mtaa wa Chini jiko huzimwa nyumbani kwa mtu siku ya msiba. Majirani ndio wanaopika, na moto hauwashwi tena pale mpaka matanga yaanuliwe. Nyumba isiyo na moshi ni nyumba yenye maiti. Kuzima jiko na watu wako wazima ni kukikaribisha kifo kiingie, kivue viatu, kiketi. Nabintu mwenyewe, aliyekuwa anawahubiria wenzake wazime, asubuhi ile alikuwa amewasha.

Haya, mambo yalifikaje hapo?

Kabla ya Mlezi kulikuwa na foleni. Foleni ilikuwa na kiranja, kiranja alikuwa na shemeji, na shemeji alikuwa na duka lililojaa unga wa msaada. Siku nyingine watu wenye bunduki walishuka kutoka msituni wakabeba kila kitu hadi magunia matupu. Palikuwa na kusukumana, na mtoto mmoja alikanyagwa akafa huku mama yake amemshika mkono. Kwa hiyo puto lilipopandishwa watu walipiga vigelegele, na Nabintu alikuwa miongoni mwao. Hatimaye kitu kisichokuwa na tumbo ndicho kingegawa chakula.

Ila puto halikuzaliwa na akili, lilipaswa kufundishwa. Injinia Ombeni, msimamizi wake, alitafuta kutoka kila mtaa watu wanaojua kusoma, akawapa jina la wathibitishaji, akawakalisha hemani mbele ya kioo. Kioo kilionyesha kibanda kinavyoonekana kutoka juu, moshi unafuka, kisha swali likaja: moshi huu ni wa nini? Wanapika, au hawapiki?

Nabintu alijibu, wanapika. Picha nyingine, wanapika. Kikaja kibanda cha Mama Tumsifu, siku ambayo Mama Tumsifu hakuwa hata na chumvi, naye akajibu, wanapika. Wala hakuhisi kwamba anadanganya. Mgeni akikuuliza habari za jirani yako utamjibu nini? Utamwambia ni wazima, wanakula, Mungu anasaidia. Mtu aliyelelewa hajibu vinginevyo. Na wathibitishaji wote wa Mtaa wa Chini walijibu hivyo hivyo, bila kupatana, kila mmoja na adabu zake. Puto, ambalo halikulelewa na mtu, likasadiki. Likajifunza kwamba kwa watu hawa moshi ni chakula. Kisha likaona moshi unazidi mifuko linayoileta, likakata shauri kuwa Mtaa wa Chini wana akiba yao ya siri, likaanza kupunguza. Kila lilipopunguza, watu waliona aibu zaidi, wakazidi kuchochea moto.

Mchana ule ule droni zilipopita, Nabintu alipanda hadi kwenye hema la Ombeni.

Injinia alikuwa mtu mwema, na hilo lilimuudhi Nabintu, maana mtu mbaya angekuwa rahisi kumtukana. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutazama vioo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Unaniambia ni maji," alisema.

"Maji. Kwingine majani. Kwingine sijui, sijafunua."

"Na ninyi mlimwambia Mlezi kwamba wanapika."

"Mliuliza vibaya, Injinia. Nani anamuuliza mtu chungu cha jirani yake kina nini?"

Ombeni alijifuta uso kwa viganja. "Tuliuliza vibaya," alikubali. "Lakini siwezi kumsahihisha mimi. Haniamini. Tulimtengeneza asimwamini mtu yeyote wa ofisini, kwa ajili ya wale viranja wenu na mashemeji wao. Anamwamini mthibitishaji wa mtaa, akiwa na picha mkononi." Alivuta droo akatoa kamera ndogo, isiyozidi kiganja. "Utaingia kila nyumba. Utafunua kila chungu, kamera ione ndani, halafu useme kwa sauti yako ulichokiona."

"Unajua unachoniomba?"

"Najua. Mama yangu naye alituchemshia maji," alisema Ombeni, na hakuendelea na habari hiyo. "Kuna jambo moja zaidi, mama Nabintu, nisikilize vizuri. Ukisema kweli, anakuamini zaidi na zaidi. Lakini akija kugundua kwamba umemdanganya, hata kwenye nyumba moja, atayatupa maneno yako yote. Mtaa mzima utarudi pale pale ulipo leo. Hana msamaha."

"Aliyemnyima msamaha ni nani?"

"Mimi," alisema Ombeni. "Tulidhani ndiyo haki."

Kesho yake asubuhi Nabintu alianza na sufuria yake mwenyewe. Aliwaita majirani wakasimama mlangoni, akafunua, kamera ikatazama ndani: maji yanachemka na majani machungu aliyochuma kando ya njia. "Nyumba hii hawapiki," alisema. Kamera ikalia mlio mdogo wa kukubali. Alikuwa amefikiri akianza na yake, ya wengine yatakuwa mepesi. Wapi.

Mama Tumsifu alimpokea mikono kiunoni. "Pita, askari," akasema, kisha akafunua mwenyewe kabla hajaguswa. Ndani ya maji palikuwa na mkanda wa ngozi wa marehemu mumewe, umekatwa vipande, umechemka hadi umelainika. "Haya, lionyeshe puto lako. Lionyeshe vizuri, na upande ule." Nabintu aliposema maneno yake na kamera ikakubali, yule mama akaongeza kwa sauti ya chini ambayo watoto nje wasingeisikia, "Nawaambia ni nyama ya ng'ombe mzee, ndiyo maana inachelewa kuiva."

Akaenda nyumba kwa nyumba. Mzee mmoja alimwachia chungu akageukia turubai mpaka alipomaliza. Dada mmoja alikumbatia sufuria ya moto, akaungua, na Nabintu ikabidi amwondoe mikono kidole kwa kidole huku anamwomba radhi. Walimwita mchawi. Wengine hawakumwita kitu, walimtazama tu wakimpa njia, na hao ndio waliomuumiza zaidi. Karibu na kisima alifunua sufuria akakuta maharagwe, ya kweli, yamekolea mafuta. Mwenyewe, mwanamume wa makamo, alikuwa ameyapata kwa kuuza koleo lake, akawa anayapika kidogo kidogo kwa siri. Katika mtaa mzima huyo ndiye pekee aliyelia.

"Nyumba hii wanapika," Nabintu aliiambia kamera, na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Nyumba ya Mama Wabiwa aliiacha iwe ya mwisho.

Inafaa umjue Mama Wabiwa. Huko kwao kijijini, wanawake walipolimiana mashamba kwa zamu, chakula cha walimaji kilipikwa kwake, na chungu chake kilijulikana hadi vijiji vya mbali. Vita vilipofika watu walibeba magodoro, mbuzi, redio. Yeye alijifunga chungu mgongoni kwa kitenge, akatembea nacho njia nzima. Mwanawe Byamungu, mume wa Nabintu, alikamatwa njiani na wenye bunduki, na tangu siku hiyo hakuna aliyeleta habari zake, njema wala mbaya. Na Mama Wabiwa hakuwahi kula kwa mkwewe. Kwao mama hali jikoni kwa mke wa mwanawe mpaka mwana mwenyewe amketishe hapo kwa mkono wake. "Nitakula kwako siku Byamungu atakaponiketisha," alikuwa akisema. Nani angebishana naye? Kumwambia kula sasa hivi ni kumwambia Byamungu harudi.

"Hodi, Mama."

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa nakungoja. Nimesikia leo unatembelea watu."

Alikuwa ameketi kando ya mafiga, ameoga, amevaa kile kitenge chake kizuri cha kwendea harusi. Mifupa ya mabega ilionekana chini ya kitambaa. Chungu kilikuwa kinatoa mvuke pembezoni mwa kifuniko.

Nabintu alipiga magoti. "Mama, naomba nikueleze."

"Mama Tumsifu amekwisha nieleza, na matusi yake juu. Ukifunua, kesho droni inashuka hapa."

"Ndiyo, Mama."

"Chakula cha droni nakitaka. Wakiniletea nitakula, sina kiburi hicho. Kinacholetwa kwa wote hakina aibu." Alivuta pumzi, maana maneno mengi yalimchosha. "Lakini siku Byamungu atakaporudi ataniuliza, mama, mke wangu alikutunzaje? Nimwambie alikuja na jicho la watu akanivua nguo?"

"Mama, utakufa."

"Nitakufa siku yangu. Nisitiri tu, mwanangu. Sijawahi kukuomba kitu."

Ilikuwa kweli, hajawahi. Nabintu alikitazama kifuniko, ukingo wake mweusi kwa masizi. Mkono wake ulikuwa karibu nacho. Angeweza kukifunua, na yule mama asingemzuia, kwa sababu hakuwa na nguvu hata ya kuinuka alipoketi. Hilo ndilo lililomshinda. Angekuwa na nguvu za kupigana, Nabintu angepigana naye.

Aliielekeza kamera kwenye mvuke, juu ya kifuniko.

"Nyumba hii wanapika," alisema.

Kamera ikakubali. Tangu asubuhi alikuwa amesema kweli, haikuwa na sababu ya kumshuku.

"Ahsante, mwanangu," alisema Mama Wabiwa. Kisha, kwa kuwa yeye ni yeye, akaongeza, "Karibu chakula."

"Nimeshiba, Mama," alisema Nabintu, akatoka.

Droni zilishuka. Mtaa wa Chini ulinuka maharagwe tena, na watu wakaanza kugombana, dalili njema ya watu wenye nguvu. Watoto walirudi kuzikimbilia droni. Mama Tumsifu, ambaye hakuwa amemsemesha Nabintu tangu siku ya mkanda, alimletea vitumbua viwili vya moto, akaviweka kizingitini, akaondoka bila salamu. Mlangoni kwa Mama Wabiwa hakikushuka kitu. Kila droni ilipita juu ya paa lake ikaenda zake, kwa maana huyo alikuwa na chakula chake, mthibitishaji amesema.

Nabintu alimpelekea bakuli kila siku. Hakuketi kumtazama akila, huo ungekuwa utovu wa adabu. Bakuli lilirudi tupu, limeoshwa, limefutwa kwa majivu hadi linang'aa, na salamu za shukrani. Akajiambia anakula. Uso wa mama mkwe ulizidi kuingia ndani, naye akajiambia ni kikohozi, ni uzee, ni mawazo ya Byamungu. Mtu akitaka kuamini kitu hakosi sababu. Na kwa upande wa pili alijua dawa ni nini: apande hemani, aseme nyumba ile nilidanganya. Halafu? Halafu watoto wa Mama Tumsifu warudi kwenye mkanda. Aliwaona wanacheza mbele yake, mashavu yameanza kujaa, akasema nitafikiri kesho. Kila siku alichagua, na kila siku alijifanya hajachagua bado.

Mama Tumsifu ndiye aliyelimaliza jambo hilo. "Hilo bakuli lako wanakula wale yatima wa nyuma ya kisima," alisema jioni moja wakianua nguo. "Nilidhani unajua."

"Na yeye?"

"Yeye anawatazama. Anasema chakula cha kwako bado hajakaribishwa, lakini hakimkatazi kukaribisha wengine."

Nabintu aliiangusha nguo aliyokuwa ameishika. Alikasirika, akawakasirikia yatima, akamkasirikia Byamungu kwa kutorudi. Asubuhi iliyofuata alitoka na bakuli mkono mmoja na kamera mkono mwingine. Alikuwa ameamua kufunua, na mtaa uje juu ukitaka, na puto litupe maneno yake yote likitaka, watatafuta njia nyingine. Alikuwa ameamua kweli safari hii.

Alitazama kibanda cha mama mkwe. Hakikuwa na moshi.

Alimkuta ameegemea nguzo, kitenge kizuri mwilini, vijiti amevipanga kati ya mafiga tayari kuwashwa, kibiriti kiko mkononi. Alikuwa amekwisha kuwa baridi. Nabintu aliweka bakuli chini. Kisha alifanya lile aliloshindwa siku ile, akafunua chungu. Ndani palikuwa na maji safi yaliyotulia, na mwiko. Alikifunika tena vizuri, akahakikisha kimekaa, ndipo akatoka nje akapiga ukemi.

Wanaume walichimba kwenye mawe hadi mikono ikapasuka. Wanawake walikaa kwenye mikeka mbele ya kibanda. Baada ya maziko Ombeni alikuja. Alitoa pole kwa wanaume, akaketi nao muda wa kutosha, akaingia kibandani akakaa kidogo, ndipo akamwita Nabintu pembeni, nyuma ya turubai.

"Mlezi ameuliza," alisema bila kumtazama. "Yeye hajui watu, anajua majiko tu. Ameona jiko limezimika ghafla kwenye nyumba iliyothibitishwa kuwa na chakula, anataka jibu kwa sauti yako. Kabla ya kuzimika, walikuwa wanapika?"

Alimnyooshea ile kamera, ambayo Nabintu aliisahau kibandani asubuhi ya msiba. Taa yake ndogo ilikuwa inawaka na kuzima.

"Umeingia ndani," alisema Nabintu.

"Nimeingia."

"Umeona chungu."

"Sikufunua. Mimi pia nimelelewa." Ombeni alikohoa. "Mimi sikuulizi kitu, mama Nabintu. Anayeuliza ni yeye."

Kutoka mikekani zilisikika sauti za wanawake wakiimba polepole, na nyuma yao mtaa mzima ulikuwa unafuka moshi wenye harufu ya chakula. Akisema hawakuwa wanapika, harufu hiyo inakwisha, na Mama Wabiwa anavuliwa nguo mbele ya watu akiwa kaburini. Akisema walikuwa wanapika, basi mama mkwe wake amekufa ameshiba, na hakuna mtu duniani, si puto, si Ombeni, si wenye maghala, atakayekuja kuulizwa kwa nini. Ombi la marehemu na kosa la waliomuua yalikuwa yanafunikwa kwa kifuniko kimoja, na yeye ndiye wa kukifunika.

"Walikuwa wanapika," alisema.

Taa ikatulia. Ombeni alimwachia kamera mkononi. "Pole sana," akasema, na alimaanisha. Nabintu alimchukia kwa kumaanisha. Alijichukia yeye zaidi. Alimchukia hata marehemu, Mungu amsamehe, kwa kuondoka amevaa vizuri na kumwachia hili.

Matanga yakaendelea na jiko la marehemu baridi, kama inavyotakiwa. Mchana mmoja, wanawake wakiwa wamekaa mikekani, droni ilisikika ikija kutoka ghalani. Hakuna aliyeinua kichwa, walikuwa wamezizoea. Lakini hii haikupita. Ilishuka hapo hapo katikati yao, ikainua vumbi, ikaweka mfuko kizingitini kwa Mama Wabiwa, unga, maharagwe na mafuta, mzigo kamili wa mwenye njaa, ikapanda, ikaenda.

Ilichukua muda kidogo kila mtu kuelewa. Puto lilikuwa limetazama chini, likaona jiko limelala baridi siku zote hizo, likasikitika kwa namna yake.

"Mama ameletewa," alisema Mama Tumsifu.

Hakuna aliyecheka. Nabintu aliinuka, akaubeba mfuko begani. Hapo pasingewashwa moto, ilikuwa mwiko, kwa hiyo aliupeleka kwake. Kisha alirudi akachukua chungu cha marehemu. Akamwaga yale maji nje, polepole, mbele ya wote, na hakuna aliyeuliza ni maji gani. Alikiteleka juu ya mafiga yake akawasha moto mkubwa, akapika maharagwe yote na unga wote. Waombolezaji walikula, na wachimba kaburi, na wale yatima wa nyuma ya kisima, kila mmoja akapata na kuongezwa. Mama mmoja mzee alisema, akilamba vidole, kwamba kwa Mama Wabiwa watu hawakuondoka na njaa kamwe, na wenzake wakaitikia.

Kamera ilikuwa imening'inia kwenye nguzo. Taa yake ikaanza kuwaka na kuzima, na swali likatokea kwenye kioo chake kidogo. Puto lilikuwa limeona moto usio wa kawaida. Moshi huu ni wa nini?

"Wanapika," alisema Nabintu, mikono imejaa unga. Kamera ikakubali mara moja, maana ilimwamini kuliko mthibitishaji mwingine yeyote kambini.

Mama Tumsifu alimjia na sahani iliyofunikwa. "Karibu chakula. Tangu asubuhi hujaweka kitu mdomoni."

"Nimeshiba," alisema Nabintu.

Yule mwanamke hakuondoka. Alichuchumaa mbele yake, akaweka sahani chini kati yao, akaifunua.

"Mimi si puto, Nabintu," alisema. "Kula."

Nabintu alikaa anaitazama sahani, mvuke unampanda usoni. Kisha akaomba maji ya kunawa.